Mume Wangu Ameinua Kadi ya Baba Kumnyang'anya Baba Kiti

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijamtupia mume wangu nguo zake barabarani, maana yamenifika kooni. Timu yetu ya Unión Peñarrubia imefuzu mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza tangu nikiwa shule, na baba yangu Telvo, mzee wa migodini mwenye magoti mabovu, tangu siku ile hashikiki, kila jioni yuko baa kwenye mvinyo wake wa tufaha anatangazia watu, "Nitakuwa palepale pangu, safu ya nne, niwaone Waitaliano wanavyolia!" kumbe hajui kwamba pale si pake tena. Klabu ni yetu wanachama, hilo wanatuimbia kila mwaka, lakini rais wetu aliitisha mkutano akasema hela za televisheni na za kushinda mechi hazitoshi, siku yenyewe ya mechi lazima uwanja nao ukamuliwe, kwa hiyo mechi za Ulaya safu za mbele watauziwa wageni wa makampuni, walishwe nyama na mvinyo humohumo, na sisi tupande ghorofa ya juu, tena tulipe upya kwa kuwa tiketi ya msimu haihusu Ulaya. Baba ngazi zile haziwezi. Hata mikate yetu ya soseji tunayooka nyumbani ni marufuku kuingia nayo, tununue ya kwao!

Sasa sikia kinachoniuma. Wazee wasioweza kukaa mkutanoni humpa mtu kadi ya uanachama aiinue kwa niaba yao, na baba alimpa Nel, mume wangu, kiongozi wa tawi letu la mashabiki, akamwambia, "Mwanangu, piga kura unavyoona vema." Nel akainua zote mbili, ndiyo na ndiyo, kwa sababu tawi limeahidiwa ndege ya kwenda mechi ya ugenini! Nilipomuuliza akanijibu, "Olvido, acha mambo ya kizamani, bila hela za Ulaya tutamuuza mshambuliaji. Mzee nitamnunulia televisheni kubwa." Televisheni! Ninyamaze baba asivunjike moyo, au niseme nyumba iwake moto?

Olvido, Peñarrubia

Olvido mwanangu,

Pole. Barua yako imenifanya niache kahawa ikapoa. Huyo rais wenu amelewa sifa. Mkitolewa Ulaya mapema, hao wageni wa nyama na mvinyo watakuja kukaa safu ya nne mwezi wa Januari, mvua inawapiga, mnacheza na timu inayoshika mkia? Thubutu! Atakuja Telvo. Hela ya kina Telvo ndiyo iliyowasha taa za uwanja huo miaka yote ambayo hata watu wa mkoa wa jirani hawakuwajua.

Nel naye asijifiche nyuma ya mshambuliaji. Kadi yake ni yake, ainue atakavyo. Ya mkwewe alipaswa kuuliza kwanza. Lakini na wewe usinililie kama huna mdomo! Unamwacha mzee wa watu ajigambe baa nzima, na nusu ya baa walikuwa mkutanoni. Unadhani unamlinda, kumbe unamfanya kichekesho.

Fanya hivi. Jumapili hii mkishakula, Nel aseme mwenyewe, wewe umekaa hapo na usimsaidie hata neno moja. Aitaje na hiyo ndege. Kadi airudishe mkononi mwa mwenyewe. Kisha, kwa kuwa ni kiongozi, apite kwa kila mzee ambaye kadi yake iliinuliwa na mtu mwingine, awaombe sahihi za kudai mkutano mwingine. Klabu ikiwa ya wanachama kweli, haiwezi kuwanyima. Mkishindwa tena, angalau mtakuwa mmeshindwa kwa kura zenu wenyewe.

Na usingoje mechi. Telvo alimkabidhi Nel kadi kwa sababu alikwisha kumkabidhi binti yake. Asije akafika getini, amevaa skafu yake, ndipo mlinzi amwambie ni nani aliyemtoa kitini.