Chale Nyuma ya Bega la Mama

Jumanne, Watamu. Joto la kunata, pazia halitikisiki.

Leo nimemwambia daktari jambo ambalo mama alinikataza kulisema. Hakuna anayejua kwamba nimefanya hivyo, wala kwamba blogu hii ni yangu.

Mama ana saratani ya titi. Alhamisi anapasuliwa Malindi. Kinachotunyima usingizi ni kama imeshafika kwenye tezi za kwapani. Zikiwa safi, zitaachwa. Zikiwa nayo, zitatolewa, na mkono huenda ukavimba maisha yake yote. Ni mkono anaokandia mahamri tunayoishi kwayo.

Wiki iliyopita daktari alitueleza vizuri. Watamdunga rangi karibu na uvimbe. Rangi itatiririka hadi tezi ya kwanza, na kamera inayoona mwanga ambao macho yetu hayauoni itaionyesha ikiwaka. Wataitoa hiyo, waimulike kwa chombo kingine palepale, wajue kama saratani imo. Nilisahau haya zangu zote, nikavuta kiti karibu nimsikie vizuri.

Kisha akauliza, "Mama, una tatuu upande huu? Wino wake husafiri hadi kwenye tezi, ukatuchanganya."

"Mimi nimeokoka, daktari. Tatuu za nini?" Mama alijibu hivyo, na chini ya meza akanifinya paja.

Nyuma ya bega lake, chini ya leso, kuna chale.

Hizo ni kazi ya shangazi, dada yake baba, kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani. Jumapili hulia mpaka kilemba kinamdondoka. Lakini uvimbe ulipoonekana, alimpeleka mama kwa mganga, akachanjwa kwa wembe na kusuguliwa masizi. Mganga akaonya kwamba dawa ikitajwa, inakufa.

Dawa gani hiyo inayokufa kwa kutajwa? Hata ya kikohozi, ya dukani, ina ujasiri kuliko hiyo.

Namdharau shangazi. Nimeliandika, na sijutii.

Anaimba juu ya nuru kanisani, lakini taa ya hospitali anaiogopa. Jana alikaa kwenye mkeka wetu akila mahamri ya mgonjwa, akasema, "Mwanga huo utamchoma wifi yangu kifua, nanyi mnakubali tu." Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hauchomi. Akawageukia majirani: "Haya, mpisheni dokta wa fomu foo! Matokeo ya mtihani hayajatoka, ashaanza kutibu!"

Wakacheka wote. Mama pia akacheka.

Kwa dakika hiyo nilimdharau hata mama. Kisha nikaona vidole vyake vimeing'ang'ania leso pale begani, nikajua anaogopa kuliko mimi.

Leo nikasema naenda kununua hamira, nikaenda Malindi. Nilimngoja daktari mlangoni pake, na alipotokea, maneno yote niliyopanga yakapotea. Nikasema tu, "Ana chale. Za masizi. Mgongoni."

Hakucheka, wala hakunikaripia. Alisema masizi hukaa kwenye tezi kama wino na kuumeza mwanga. Tezi yenye saratani ingeweza kujificha gizani, nao wakamshona mama wakidhani yu salama. Sasa hawatautegemea mwanga peke yake. Watatafuta tezi kwa njia nyingine pia, na kipande chake kitapimwa kwa hadubini kabla hawajaamua lolote. Na zile chale, daktari atajifanya ameziona mwenyewe wakati wa kumkagua mama.

Najua yatakayofuata. Mama akipona, shangazi atasimama kutoa ushuhuda, na moyoni atampa mganga wake sifa. Asimame. Apige na vigelegele akitaka. Mimi sitaki sifa ya mtu, namtaka mama.

Wewe unayesoma, kama umetutambua, nakuomba usimwambie mama. Mwache aingie kwenye upasuaji akiamini kwamba binti yake alinyamaza.