Nyimbo za Kuchelewesha Nyanya

Jumatatu, 3 Oktoba

Wiki ya kumi katika shule moja! Sijawahi. Hii ni shule yangu ya tano, na leo mwalimu kaanza kurudia hesabu za sehemu. Sehemu tena! Kila shule ninayofika nawakuta kwenye sehemu. Nazijua kuliko vidole vyangu. Pembetatu ndiyo siijui — kila ikikaribia, mavuno yanaisha, tunapanda lori kwenda shamba jingine.

Mtihani wa mwisho wa darasa la saba ni Jumatano tarehe 19, siku mbili. Mwaka jana niliukosa. Tulikuwa njiani, juu ya magunia ya viazi. Baba kasema nikiukosa na mwaka huu, basi, nijifunge kitambaa kichwani nichume kama wengine. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana nimeogopa.

Jumatano, 5 Oktoba

Baada ya shule nimehesabu mistari ya nyanya iliyobaki. Mia na kumi. Wanachuma kumi kwa siku, Jumapili mapumziko. Nimepiga hesabu mara tatu: shamba linaisha Jumanne tarehe 18, na lori huja jioni ileile. Mtihani kesho yake! Yaani siku mbili tu zingetosha. Mbili!

Nimemfuata shangazi. Yeye ndiye anayeimbisha shambani, na mikono ya wachumaji wote hufuata sauti yake. Nikamwomba aimbe polepole. Akaniuliza kama nataka afukuzwe kazi. Akacheka. Halafu akaniuliza mtihani wenyewe unaanza saa ngapi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Shangazi kaimba nyimbo za kubembelezea watoto! Asubuhi hadi jioni! Wachumaji wanapiga miayo, mkono unakwenda kwenye nyanya kama unakwenda kuomba radhi. Mdogo wangu, tunayemwita Chifu kwa sababu ana miaka mitatu na anaamuru kila mtu, kalala ndani ya kreti. Nusura apakiwe kwenda sokoni.

Mistari saba tu leo. Nyapara wetu — Bwana Upesi, ila jina hilo halijui — kauliza kuna msiba gani. Shangazi kamjibu kwa adabu zote kwamba haraka haraka haina baraka. Nilijificha nyuma ya matenga nikacheka hadi mbavu zikauma.

Jumatatu, 10 Oktoba

Bwana Upesi kaleta redio! Muziki wa kasi, dum dum dum, ili mikono ichangamke. Mikono haikuchangamka — viuno ndivyo vilivyochangamka! Hata baba kacheza, baba yangu mimi, na kreti begani. Mistari sita. Redio imerudishwa ofisini.

Nimelala mchana kwa furaha na sehemu sikuzisoma. Potelea mbali, nazijua.

Alhamisi, 13 Oktoba

Balaa!

Jua la siku tatu hizi ni moto mtupu, na nyanya hazisubiri wimbo. Mnunuzi anazitaka zikiwa ndiyo kwanza zinaona haya, rangi kidogo tu, zisipondeke safarini. Zetu zimeiva zote kwa pamoja, nyekundu, laini. Bwana Upesi kapita mistari yote akishika kichwa. Katangaza: kuanzia kesho kila mwenye mikono aingie shambani. Watoto pia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia, na maji yamo.

Na kesho mwalimu alikuwa aanze pembetatu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Siku mbili nachuma, na jana shule sikwenda. Mgongo wangu si wangu. Vidole ni vyeusi kwa utomvu wa majani, sabuni haiambui kitu. Mama kaponda nyanya mbichi, akanisugua nayo kimoja kimoja, na weusi ukatoka. Nikamwuliza kama vidole hivi vitashika kalamu Jumatano.

Nikaungama yote. Nyimbo, mpango, shangazi. Mama akasema, kumbe ni wewe! Akacheka hadi akakalia kreti. Kisha kicheko kikakatika. Akaniambia lori halimsubiri mtu, mwanangu, na huko tunakokwenda wakitangulia wengine, kazi hakuna. Nimechukia kila kitu. Nimechukia hata nyanya, na maskini hazijanikosea.

Jumanne, 18 Oktoba

Mstari wa mwisho umeisha saa nane. Siku ileile niliyoihesabu mwanzo! Ningekaa kimya, ningekuwa nimeijua pembetatu.

Lori limefika saa kumi. Naandika nimekalia godoro letu lililokunjwa, nje ya mlango. Masufuria yamefungwa. Ndoo imefungwa. Chifu yuko juu ya lori tayari, anamwamuru dereva aondoke. Baba anafunga kamba, anafungua, anafunga tena palepale. Shangazi anaimba ile ya kubembeleza, peke yake, na watu wanapandisha mizigo polepole, wengine bado wanatafuta viatu walivyovivaa.

Dereva anapiga honi.

Mama hayupo. Nimemtafuta, kumbe yuko nyuma ya vyumba, kwenye karai, anafua. Anafua sare yangu! Sare niliifua mwenyewe Jumapili, nikaikunja, ilikuwa safi haina hata doa. Nikamwambia. Hakunitazama. Anaitumbukiza, anaiinua, anaitumbukiza tena. Akaitundika kambani bila kuikamua, maji yanachuruzika, na jua limeshazama nusu.

Honi tena. Bwana Upesi anakuja huku mbiombio, anauliza kinachotuchelewesha ni nini.

Mama kajifuta mikono. Kamwambia, samahani bwana, nguo ya mtoto ni mbichi, na nguo mbichi haipakiwi, inavunda.

Bwana Upesi anaitazama sare. Ananitazama mimi. Honi inalia tena, naye anamwinulia dereva mkono, azime injini.