Komredi wa Havana

Ijumaa, 4 Novemba 1983
Binti yetu Kulthum kapiga simu kutoka Houston. Atapasuliwa moyo Jumatatu ya tarehe 21. Anamtaka baba yake. Na mimi pia, kasema baadaye. Mume wangu Shaame kalia mpaka chai ikammwagikia. Miaka thelathini ya ndoa, sikumpa hata kitambaa cha kujifutia.

Jumamosi, 5 Novemba
Abdulsamad kaja kutujazia fomu za visa. Huwajazia Wazanzibari wote wa Tottenham, hapa London. Wanaume sita sebuleni, wanakunywa kahawa yangu. Kafika kwenye swali la ukomunisti. Kasema hapa Komredi, ndivyo wanavyomwita Shaame, aandike ndiyo — si alikwenda Havana kufunzwa bunduki kabla ya mapinduzi? Wote wakamgeukia mume wangu. Akakohoa. Kasema andika.
Havana! Mwaka ule alikuwa Tanga, anauza vitambaa dukani kwa mjomba wangu. Hata kupima yadi alikuwa hajui.

Jumanne, 15 Novemba
Ubalozi wa Marekani. Mimi nimepata visa. Shaame kanyimwa. Bwana wa dirishani kaeleza, Abdulsamad akatafsiri: kuna sheria ya 1952, mkomunisti haingii. Labda ubalozi uiandikie Wizara ya Mambo ya Nje kule Washington, kisha uhamiaji nao wakubali. Miezi. Na mwezi uliopita tu wamevamia Grenada, wakapigana na Wacuba. Nani ana haraka na rafiki wa Cuba?
Mwaka 1964 haohao walitetemeka Zanzibar isije ikawa Cuba nyingine. Sasa wamemkamata Mcuba wao, muuza khanga wa Tanga. Nilicheka kwenye basi peke yangu.
Nyumbani nimemwambia aseme kweli. Hawezi, kasema, mbele ya Abdulsamad. Basi Kulthum afe, nikamwambia, heshima yako ibaki. Nilitaka imuume. Imemuuma.

Alhamisi, 17 Novemba
Ubalozini tena, naandika hapa kwenye benchi. Yule bwana kasema kama fomu ina kosa lisemwe leo, faili haijaenda Washington. Shaame anamtazama Abdulsamad. Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi. Changu nimekipata kwa kufagia ofisi za Waingereza miaka kumi, yeye akisimulia Havana.
Abdulsamad kaenda msalani. Shaame ananivuta mkono: nisemee wewe, sasa hivi, kabla hajarudi. Analia. Dirisha liko wazi, hakuna foleni.
Nimemwambia angoje nimalize kuandika.
Abdulsamad huyo anatoka, anafuta mikono.