Bendera Iliyomufunika Mama Yako

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Masisi tunaamka vizuri, na maharagwe imeanza kukomaa. Nimeona picha ya bendera ya ule muji mudogo wa Ujerumani unamoishi, yenye simba na ufunguo. Unauliza kama sisi pia tulikuwa na yetu.

Wakati wa vita tulikimbia na chefu wa kijiji, Papa Bahati, aliyeficha bendera ya ofisi ndani ya koti. Nikamuzaa mama yako njiani, kwenye mvua. Papa Bahati akaitoa, akamufunika.

Tulipofika Shasha, mukubwa mumoja wa serikali akamuuliza, "Bendera iko wapi?"

Akamuonyesha mutoto. "Njo ile. Iko kazini."

Yule mukubwa akavua kofia.

Mungu akulinde huko,
Koko wako