Papa alisimama, flashi haikuwaka

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, magaribi

Mu Bukavu yote hakuna fotografe wa kunishinda. Hata jua linaniomba ruhusa mbele ya kuzama.

Leo lilinipa mbingu nyekundu juu ya ziwa, siku ya ndoa ya dada yangu Neema. Papa, baba yetu mwenye alilala mugonjwa tangu Pasaka, alisimama pembeni yake.

«Piga picha mbio, mutoto. Magoti inachoka.»

Nikapiga. Flashi haikuwaka. Mbingu ilitoka vizuri, wao wawili weusi kama makala ya jiko. Nilipojaribu tena, Papa alikuwa amekaa.

«Niko muzuri?»

«Papa, unapita ministre wa serikali!»

Niliwaambia watu betri ni mbovu. Si kweli. Nilizimaliza asubuhi, nikiwamulika na flashi wasichana wa mtaa wa Bagira ili wacheke.

Na Papa sijui kama atasimama tena.