Wembe wa Baba

Mdogo wangu Orest,

Huku theluji bado imejaa hadi madirishani. Gari lako nililiwasha Jumapili kama ulivyoniagiza, likawaka.

Nyegere, timu yetu ya hoki ya barafuni, wamefungwa saba kwa moja, wametolewa. Msimu mzima walishinda mechi sita, wakaingia mtoano kwa bahati tu, na sisi wajinga tukaamini! Kwenye bao la nne, kile kisahani wanachokipiga badala ya mpira kiliteleza katikati ya miguu ya golikipa. Jirani yetu Mzee Dmytro akafoka, "Hilo goli au mlango wa kanisa? Kila mtu anaingia!" Hakuna aliyecheka.

Najua na wewe leo unanyoa ndevu, maana mtoano ukianza mwanaume wa hapa hashiki wembe mpaka timu itolewe. Nilipompelekea Baba matokeo kitandani, akasema, "Haya mwanangu, lete wembe. Tumekwisha."

Nikamnyoa. Orest, zile ndevu zilikuwa zimeficha mengi. Mashavu hayapo, ni mifupa tu. Akajipapasa kidevu, akasema, "Msimu ujao tutapata golikipa." Nikamwambia, "Ndiyo, Baba."

Usingoje Pasaka. Ukipata barua hii, panda basi siku hiyohiyo.

Dada yako,
Larysa