Aliyeona Haya Kwenye Kemisti

Baba Jefwa,

Ugali uko kwenye sufuria. Kuku wafungulie. Mboga ya mama yako usiitie chumvi, presha isije ikampanda kabla hujamsomea hii.

Mimi na mtoto tuko kwa dada yangu, kule Kulesa. ~~Tutarudi Jumapili.~~

Leo asubuhi nilikwenda kemisti pale Garsen kuuliza kwa nini maziwa yamenikauka. Mama yako ana jibu lake, na kijiji kizima kimelisikia: ati nimembemenda mtoto, nalala na wanaume huku nanyonyesha. Nawe ukainamia sahani yako, ukala.

Yule dada anayeuza dawa pale kemisti hakuuliza nimelala na nani. Aliuliza nimemeza nini. Nikamwonyesha vile vidonge vya mafua ulivyoninunulia. Akatikisa kichwa. "Hivi hupunguza maziwa. Aliyenunua hakusema ni vya mama anayenyonyesha?"

Nilikutuma useme. Hukusema. Uliniambia mwenyewe, huku unacheka, kwamba uliona haya kutaja kunyonyesha mbele za watu. Mwanamume mzima! Haya ya kutaja titi unayo, ya kuniacha niitwe malaya huna.

Nimeambiwa niviache vidonge, nimnyonyeshe mara kwa mara, maziwa yatarudi. Mimi nitarudi siku utakapomweleza mama yako, uani, kwa sauti, majirani wakisikia. Na matiti uyataje.

Mama Jefwa.

Mtoto ni wako. Pua kama ile hapa kijijini mnayo wewe na mama yako tu.